Kinundu Chini ya Kikapu

Mwezi uliopita gari letu lilisimama Makambako, nami nikashuka kununua viazi. Usinicheke. Mtu wa Njombe hata akiwa ameshiba, akiona viazi vya kuchemsha vinatoa mvuke hawezi kupita. Mama muuzaji alikuwa amevipanga ndani ya kikapu cha milulu, yale majani marefu ya majimajini, si beseni la plastiki kama wenzake, na nilipomsaidia kukiinua ili anijazie mfuko, vidole vyangu viligusa katikati ya kitako cha kikapu. Palikuwa na kinundu kidogo, kigumu, mfano wa punje ya njegere. Nikaganda palepale, machozi yakinilengalenga, huku kondakta akipiga kelele kwamba gari linaondoka.

Ngoja nikusimulie habari ya kinundu hicho, maana bila hiyo utadhani uzee umenizidi.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, katika kijiji kimoja juu ya Njombe, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, na mama akamfuata. Makambako ya siku hizo haikuwa na reli wala nyumba za wageni. Ilikuwa njia panda yenye vibanda vichache, manamba wakishuka kwenye malori kunyoosha miguu. Kwetu juu kulikuwa na ukungu. Asubuhi za mwezi wa saba ungemsikia ng'ombe wa jirani akipumua na usimwone, na majani yalikuwa meupe kwa sakitu. Mimi na bibi tulikaa karibu na moto, viazi vikiiva kwenye majivu, na kabla hatujala bibi alisali. Alimshukuru Mungu kwanza kwa vidole vyake, ndipo akamshukuru kwa chakula. Nilipomwuliza kwa nini, alisema chakula kimepitia humo.

Vidole hivyo, rafiki yangu, vilijua kusuka! Tulikwenda sote wawili bondeni, kwenye vinyungu alikolima mboga wakati wa kiangazi, na pembeni kwenye majimaji tulikata milulu. Mimi niliibeba kichwani, maji yakinitiririkia mgongoni, nikinung'unika njia nzima. Bibi aliianika, akaichambua, nyingine akaichemsha na magome ya miwati ikatoka na rangi ya kahawia iliyokolea. Kikapu chake ungeweza kukitilia togwa na lisivuje. Nasema hivi kwa majivuno na siombi radhi.

Alikuwa na desturi moja. Kikapu kipya hakukianza kwa milulu mipya mitupu. Alikata kipande kifupi ukingoni mwa kikapu cha zamani, akakikunja, akakifungia katikati ya kitako kipya, kisha akasuka kukizunguka mpaka kisionekane. Kikapu cha kwanza kabisa alikianza kwa kipande cha kikapu cha mama yake, na mama yake naye alifanya vivyo hivyo. Kwa macho huoni kitu, ila ukipapasa chini unakuta kinundu.

Sasa, mwaka mmoja likapigwa baragumu kwamba kutakuwa na maonyesho mbele ya boma, Njombe. Watu walete mazao yao na kazi za mikono yao, na Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu mkubwa wa boma, atatoa zawadi. Bibi hakushughulika. Ila jirani yetu, mama mwenye mtoto mchanga mgongoni, alikuwa amevuna maharage mazuri yanayong'aa, akataka kuyapeleka, na hakuwa na chombo cha heshima. Kwetu huwezi kupeleka kitu kizuri mbele ya watu katika debe lenye kutu. Akaja kuazima kikapu, na bibi akampa kile kipya, chenye mistari ya kahawia. Tukaenda sote watatu, wanne ukimhesabu mtoto, tukitembea tangu alfajiri.

Langoni alikaa karani na daftari lake. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: aliyebeba kitu ndiye mwenyewe. Akaandika jina la jirani, tukaingia. Ilipofika saa za adhuhuri, Bwana Shauri akapita kwenye meza, akayapita maharage kana kwamba hayapo, akakishika kikapu. Akakigeuza huku na huku. Akamwita mkewe naye akitazame. Punde jina la jirani likatangazwa mbele ya umati, naye akasukumwa mbele, akapewa utepe mwekundu na blanketi zito la sufu. Watu wakapiga makofi na vigelegele.

Damu ilinichemka. Jirani, nimwombee heri huko aliko, hakuwa mwizi. Alisema kwa Kibena, "Si changu! Ni cha mama yule pale!" lakini wakubwa, hata karani, hawakujua Kibena. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, Kiswahili nilikuwa nacho, basi nikajipenyeza mpaka kwa karani nikamweleza yote. Karani akakunja uso.

"Kwanza mmesema cha huyu, sasa cha yule. Nifute lipi? Ana alama gani ya kuonyesha ni chake?"

Nikasema kwa haraka, "Anayo! Ndani ya kitako kuna kipande cha kikapu cha mama yake!"

Karani akachomoa kisu chake cha kuchongea penseli. "Haya. Tukifumue hapo chini tuone. Kikiwepo, naandika jina la bibi yako, na litatangazwa upya. Mwulize kama anakubali."

Bibi hakujua neno la Kiswahili, kwa hiyo yote haya yalipitia kinywani mwangu. Nilimweleza nikiwa natabasamu. Nilishalisikia jina lake likipaa juu ya uwanja ule, nilishaliona blanketi juu ya kitanda chetu. Bibi akakitazama kisu, akakitazama kikapu mikononi mwa karani.

"Nikifumue ili niitwe jina?" akasema taratibu. "Jina ninalo tangu nilipobatizwa. Mwambie hakuna alama. Mwambie asante, na hicho kisu akirudishe."

Nilisimama katikati yao wawili. Pale mezani hakuna aliyejua alichosema bibi isipokuwa mimi na jirani, na jirani hakuwa na Kiswahili cha kunisahihisha. Ningeweza kusema, "Amekubali." Neno moja tu. Liliniwasha ulimi. Halafu nikaona vidole vya bibi vimeshika ukingo wa kikapu, wala havivuti, vimeshika tu, nikasema kwa sauti ambayo haikuwa yangu, "Bibi anasema hakuna alama. Anasema asante, na kisu ukirudishe."

Karani akafunga daftari. Nilikuwa nimemfanya bibi yangu aonekane mwongo mbele ya umati wote ule, na mimi mwenyewe mwongo zaidi.

Njia nzima ya kurudi nililia kwa hasira. Nilimtupia methali tuliyofundishwa shuleni, chanda chema huvikwa pete.

"Chanda chenye pete kitasukaje?" bibi akasema. "Mlulu utanasa."

Nikakasirika maradufu. Akanishika mkono. "Leo umesema nilichosema mimi, hukusema ulichotaka wewe. Hiyo ndiyo zawadi yangu ya leo." Nilijifanya sikusikia, lakini ukweli ni kwamba tangu siku hiyo hakuna sifa niliyopewa ikanifikia moyoni kama ile.

Kesho yake asubuhi jirani akabisha. "Kamwene," akasalimia, macho chini. Kikapu hakirudishwi kitupu, kwa hiyo alikuwa amekijaza maharage yale yale, na juu yake ameliweka blanketi. Bibi akapokea maharage. Blanketi akalifungua, akamfunika nalo mtoto pale pale mgongoni kwa mama yake, akasema mtu mzima ana moto, mtoto ana mgongo wa mama peke yake. Jirani akalia. Kisha akafuta uso, akaomba kitu ambacho sikukitegemea: afundishwe kusuka. Bibi akachukua kisu, safari hii kwa hiari yake, akakata kipande kifupi ukingoni mwa kikapu kilichopata tuzo, akamwekea kiganjani. Maharage tuliyala wiki nzima na ugali wa ulezi, na sijala tena maharage kama yale. Utepe nilipewa mimi. Niliuficha ndani ya kitabu cha nyimbo na panya wakautafuna.

Bibi hayupo, jirani hayupo. Bondeni kwetu wamepanda miti ya mbao, majimaji yamekauka, na milulu siku hizi, nasikia, inafuatwa mbali. Nyumba yetu nimeikuta ni mawe matatu ya jiko na nyasi. Lile daftari la karani sijui liliishia wapi. Nimeishi miaka mingi nikidhani mambo yale yote yamebaki kwangu peke yangu, na nitakwenda nayo.

Ndiyo maana pale Makambako nilisahau gari. Nikamwuliza yule mama, "Mbona hapa chini kuna kinundu?"

Akacheka. "Ndivyo tunavyoanza kwetu, mama. Unafungia kipande cha kikapu cha zamani. Mama alinifundisha, naye alifundishwa na mama yake."

"Na huyo alifundishwa na nani?"

"Mh! Hayo nani anayajua? Watu wa zamani huko."

Jina la bibi lilikuwa mdomoni mwangu, limekaa tayari, kama lilivyokaa siku ile uwanjani. Nikalimeza. Nikamwambia tu kwamba ana vidole vizuri sana.

Akavitazama kwanza, vyeusi kwa masizi, kana kwamba hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Kisha akavifuta kwenye khanga, akanipokea pesa ya viazi, akasema, "Namshukuru Mungu kwa vidole hivi."