Maharagi ya mama yaliniozea Kisangani, jirani akatundika yake juu ya moshi

Wakuu, mbote kwenu nyote.

Mimi nasema, mjukuu wangu ndiye anabonyeza simu. Anacheka, lakini anaandika. Haya yalinipata kweli. Chumvi nitaweka kwenye maharagi tu.

Miaka ya hamsini nilikuwa bibi-arusi mdogo, shule nimeikanyaga kidogo. Nilitoka Kasongo, Maniema, nikaja Kisangani kwa mume wangu Saidi, fundi wa matofali. Tulipata parcelle, kiwanja chetu, mtaa wa Mangobo: nyumba mbele, nyuma kipande cha udongo mweusi.

Nilipokiona tu, nikaanza kuota. Hapa mchicha wa lenga-lenga, pale mboga chachu ya ngai-ngai, pembeni maharagi yanapanda miti. Saidi ananiambia, "Mwanamuke, weye unalima na macho!"

Sasa hayo maharagi.

Mama yangu alifariki kabla ya arusi yangu. Hakuacha bangili wala kitambaa. Aliacha kibuyu kidogo cha mbegu: maharagi meupe yenye doa jekundu, kama shavu la mtoto aliyetoka kulia. Sokoni hayakuwepo. Yakiisha, ndiyo yameisha.

Nyumbani kwetu bibi-arusi akifika na mbegu, anampa jirani kwanza, ndipo apande zake. Bon, nikachota mkono mmoja, nikampelekea Mama Bolumbu, Mlokele wa Isangi, mke wa mvuvi.

Nilipomwambia ni mbegu za marehemu mama, akashukuru. Akayafunga ndani ya jani, akayatundika juu ya moshi wa jiko. Basi.

Mimi nikangoja majira. Kasongo kiangazi kinakausha udongo hadi unapasuka. Mvua kubwa ya kwanza ikipiga, kila mwanamke anakimbia na mbegu. Donc mvua kubwa ilipopiga Kisangani, nami nikakimbia. Nikapanda yote. Nani anabakiza akiwa na ndoto?

Mama Bolumbu akachungulia juu ya lupango, ua uliotutenganisha.

"Mwali, unapanda sasa?"

"Ndiyo, mama. Mvua si hii?"

"Mvua iko. Na mto iko wapi?"

Nikacheka. Mto na maharagi, wapi na wapi!

Wakuu, mvua ile haikujua kupumzika. Machipukizi yakawa manjano, yakalala chini. Nikachimba kwa kidole kutafuta yaliyobaki, yakapondeka kama uji.

Nililia pale matopeni. Si kwa ajili ya chakula. Niliona kama ninamzika mama mara ya pili.

Zilibaki zile za jirani. Lakini kuomba ulichotoa ni aibu. Na yeye hata kupanda hajapanda! Kila nikienda kuomba moto, lile jani linanitazama kule juu. Nikasema moyoni: amezidharau, siku moja atazipika.

"Mwombe," Saidi akasema.

"Afadhali nife."

"Basi kufa, lakini upike kwanza."

Mvua ikapungua. Mvuvi akarudi na habari kwamba mchanga umeanza kutokea mtoni. Kesho yake asubuhi nikasikia jembe ng'ambo ya lupango.

"Mwali! Kuja!"

Mama Bolumbu alikuwa ameinua matuta, jani lake mkononi.

"Sisi batu ya mto tunapanda na mto. Maji ikirudia nyuma, mchanga ikionekana, ndiyo maharagi inaingia mu udongo. Mto ikijaa, mbegu inakunywa mupaka inakufa."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza, ukacheka. Mutu anacheka vile, utamwambia nini? Nilichunga yangu tu."

Akanimwagia nusu mkononi. Nikafungua mdomo kushukuru, akanikatiza.

"Nyamaza. Hii ni yangu, ninapanda kwako. Mama yako asilale fasi moja."

Yalichipuka pande zote mbili za lupango. Saidi akachonga vijiti, yakapanda, yakakutana juu. Wakati wa kuchuma hatukujua la nani ni lipi.

Bon, nilichojifunza: mto ni ule ule unaopita Kasongo, lakini majira ya kule si ya huku. Ukihamia mahali, usitazame mvua peke yake. Uliza wenyeji wanatazama nini. Na mbegu unayoipenda, usiilaze yote kwenye udongo mmoja.

Huko kwenu, kabla ya kupanda mnatazama nini? Mwezi? Ndege? Maua ya mti fulani? Andikeni, mjukuu atanisomea. Lakini mngojeni kidogo, akiweka simu chini ana maharagi ya kumenya, na doa bado ni jekundu.