Mikanda Minane ya Kiwanda cha Mbao

Fundi hakuiba mkanda hata mmoja. Wanaomwita mwizi waseme basi alimuuzia nani, na lini. Midomo wanayo, majibu hawana.

Kwa miaka kumi na tisa fundi aliendesha injini katika kiwanda cha kupasua mbao. Kazi yake ilikuwa kuvuta wenzo: mkanda unahama kutoka gurudumu linalozunguka bure kwenda gurudumu la msumeno, na msumeno unaanza kukata. Hakuvuta kabla ya kupunguza mwendo wa injini. Akishaunganisha, ndipo anapandisha, taratibu.

Tajiri akachoka kungoja. "Unaibembeleza mashine kama bibi harusi! Unganisha hivyo hivyo, kasi yote."

Fundi alimwonya, kisha akatii. Mali ni ya mwenyewe. Ndani ya miezi mitatu mikanda minane mipya ikaisha. Badala ya kujiuliza, tajiri akadai fundi anaiuza mipya na kufunga mikuukuu, akatuma walinzi wawili nyumbani kwake. Wakapindua godoro mbele ya watoto, wakapekua hata sanduku la vitabu vya mkewe, mwalimu aliyemfundisha mmoja wao kusoma. Hawakupata kitu. Radhi hawakuomba.

Kesho yake mwalimu akamfuata mumewe kiwandani.

"Mama watoto, rudi nyumbani."

"Sirudi. Waliingia chumbani kwangu, nami naingia kiwandani kwao."

Fundi akafunga mkanda mpya, akamwita tajiri mbele ya wapasuaji wote. Akavuta wenzo injini ikiwa na kasi yote. Mkanda ukapiga yowe, injini ikaguna na kupungua, msumeno ukashika mwendo. Akazima. Wakangoja kila kitu kisimame.

"Weka kiganja hapa, bosi."

Tajiri akagusa mkanda, akaruka. "Mama yangu!"

"Mama hayumo humo," akasema mpasuaji mmoja, na wenzake wakacheka.

Fundi hakucheka. "Mkanda ukiuvuta msumeno mbele, papo hapo unairudisha injini nyuma. Ila injini inapoteza nishati nyingi kuliko unayopata msumeno. Iliyobaki haikwenda sokoni, bosi. Mkanda umeteleza, umeigeuza kuwa joto, na joto ndilo linaloula."

Mkanda ulipopoa akarudia, safari hii kwa nusu ya mwendo. Tajiri akagusa kwa ncha ya kidole. Vuguvugu tu.

"Mwendo nusu, joto robo," akasema fundi. "Sasa waambie hawa mwizi ni nani."

Watu kumi na mmoja walisimama wakisubiri. Tajiri akatazama saa yake.

"Basi, yaishe. Fanya unavyojua. Rudini kazini."

Fundi akarudia desturi yake, na mkanda mmoja ukadumu mwaka mzima. Ndipo maneno yakazidi! "Mnaona? Tangu wampekue, mikanda haipotei." Ukweli wake ukageuzwa ushahidi dhidi yake, na tajiri, ambaye neno lake tu lingeuzima uvumi huo, hakulitamka, hadi fundi akafa kwa ugonjwa wa moyo, miaka minne baadaye.

Juzi binti wa tajiri alikuja kwa mwalimu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu, baba yuko mahututi. Anauliza, marehemu alimsamehe?"

"Wale kumi na mmoja bado wapo. Awaite kitandani, awaambie mwizi alikuwa nani."

"Hana nguvu, mwalimu. Niambie tu, alisema nini kabla ya kufa?"

"Aliyoyasema aliniambia mimi."

"Neno moja tu."

Mwalimu akainuka, akafungua mlango.

"Sisemi. Mpe pole baba yako."