Mwalimu Aliyesema Polepole

Mwalimu wetu wa Kichina hapo Kitale alisema nasi kama mtu anayemlisha mtoto uji: kijiko kimoja, anangoja, kisha kingine. Alikuwa ametoka kwao Uchina juzijuzi, Kiswahili hana, kwa hiyo alifundisha kwa mikono na macho. Akisema "kaa", anakaa. Akisema "simama", anasimama. Swali aliliuliza mara tatu, tukinyamaza anajijibu mwenyewe. Tulimpenda mno, maana hakuna aliyewahi kutuvumilia hivyo.

Mwisho wa kila jambo aliuliza kwa Kichina kama tumeelewa. Sisi tuliopita shule za huku swali hilo tunalijua. Tuliitikia kwa pamoja kwamba tumeelewa, hata aliyekuwa akisinzia, na mimi sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Kumwambia mwalimu hujaelewa ni kumkosea adabu, tena ni kujianika mbele ya wenzako.

Nilipopata kazi ya ukalimani upande wa Bungoma, huko Kabuchai Wachina walikokuwa wakichimba mtaro wa mabomba ya maji, nyumbani walichinja kuku. Mwalimu hakufurahi. Alinishika mkono, akaniambia neno moja moja, "Huko hakuna atakayekungoja." Nikamjibu kwamba nimeelewa.

Siku yangu ya tatu kazini tuliamkia mvua. Ilipokatika, vibarua walisimama kando ya mtaro, ambao kina chake kiliwazidi kimo. Msimamizi, Mchina, alikuja mbio akamimina maneno bila kupumua, huku akinyoosha kidole kwenye ukuta wa udongo. Sikuambulia hata moja. Nilichokishika ni lile swali la mwisho tu, na mdomo wangu ukamjibu kabla sijafikiri. Akaenda zake kupokea simu.

"Ati amesema nini, dada?" akaniuliza mzee mmoja mwenye jembe begani.

Niliona aibu. Mpaka leo naiona. Watu wote wale walikuwa wakinitazama mimi.

"Amesema muendelee."

Wakashuka. Msimamizi alipogeuka na kuwaona, uso ulimbadilika. Alinijia, na safari hii alisema polepole, mikono ikimsaidia: "Nimesema wasishuke. Ukuta utaanguka."

Kila neno nilielewa. Nikapiga kelele watoke, lakini pampu ya kuvuta maji ilikuwa inanguruma huko chini. Yule mzee aliniona nikipunga mikono, naye akainua mkono wake kunisalimia.