Kibuyu Kilichomponza Zunilda

Saa kumi na nusu alfajiri, Zunilda Ayala ameshagombana na mbwa wawili, na sasa anagombana na lango la Ña Porfiria, ambalo limefungwa kwa waya tangu mwaka juzi. Pikipiki ameiacha barabarani. Begani ana boksi la barafu, mdomoni tochi, mkononi orodha ya watu watano wanaotakiwa kutolewa damu kabla hawajatia kitu tumboni.

Ña Porfiria Cáceres (Ña ni kama kusema Bi), mjane wa miaka sitini na tatu, anamsubiri jikoni. Moto umewaka na birika linafuka mvuke. Lakini kibuyu cha yerba, majani machungu yanayonywewa kwa maji ya moto, kimening'inizwa ukutani kichwa chini, na mrija wake wa chuma umewekwa juu ya kabati, mbali na mkono.

"Kiangalie mwenyewe," anasema Ña Porfiria. "Hakijaguswa tangu jana usiku. Kichwa kinaniuma kwa ajili yako."

"Nivumilie, mama. Dakika mbili tu."

"Dakika mbili zako nazijua."

Zunilda anacheka huku akimfunga mpira mkononi. Anaugusa mshipa kwa kidole, anachoma mara moja tu, na vichupa vitatu vinajaa. Ni mwanamke mnene, mwepesi wa mikono, mwenye maneno mengi. Ukimwona hivi huwezi kujua kwamba mwaka jana, katika jiko hili hili, kibuyu kile nusura kimpotezee kazi pamoja na jina lake.

Ana miaka arobaini na saba, na amezaliwa hapa Potrero Yvaté, kitongoji cha mihogo na michungwa, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka mji mkuu, Asunción. Kwa miaka ishirini alitarizi mashati ya pamba. Shati moja lilimchukua siku nne na kumpa guarani elfu themanini, fedha za hapa, na macho yake yakaanza kuchoka. Baadaye akajitolea katika zahanati, akafundishwa kupima presha na kutoa damu.

Ndipo ikaja taasisi moja ya utafiti wa homoni kutoka mjini. Watafiti walitaka kujua kwa nini watu wembamba, wanaolima kutwa nzima, wanapata kisukari mapema. Walihitaji mtu anayejua kila njia na kila mbwa. Zunilda akaajiriwa kwa guarani milioni moja na laki nane kwa mwezi, mshahara wa kwanza wa kudumu maishani mwake.

Sharti la utafiti lilikuwa moja. Kwa saa kumi kabla ya kipimo, mtu asile wala asinywe chochote isipokuwa maji. Chakula kikiingia, sukari ya damu hupanda, na kongosho humwaga insulini, homoni ya kuishusha. Ukipima wakati huo, huwezi kumtofautisha mgonjwa na mzima.

Kwa miezi mitatu Zunilda aliingia kila nyumba, akauliza kama wamekula au kunywa, akajibiwa hapana, akaandika kwenye fomu. Kisha majibu yakaanza kurudi kutoka maabara, na yalikuwa ya ajabu. Kati ya watu mia moja na arobaini, hamsini na wanane walikuwa na sukari ya juu. Lakini kipimo cha pili, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu, kilisema wengi wao hawana tatizo. Damu ilikuwa ile ile, ya mkono ule ule, na vipimo viwili vilikuwa vinapingana.

Taasisini wakatafuta mchawi. Baadhi yao walinong'ona kwamba Zunilda analala hadi jua linawaka, anatoa damu baada ya watu kustaftahi, kisha anajaza saa za uongo kwenye fomu.

"Mimi huyo," anasema, na hata leo sauti inampanda. "Mimi ninayeamka jogoo akiwa bado anakoroma."

Alipewa wiki mbili. Maelezo yasipopatikana, kitongoji kizima kingeondolewa kwenye utafiti, na yeye angeondoka nacho, huku kila mtu akijua ni kwa sababu gani. Kazi ilimuuma, lakini jina lilimuuma zaidi. Mahali ambapo watu wote wanakujua, ukiitwa mwongo mara moja unaitwa hivyo hadi kwenye mazishi yako.

Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba wamwambie ukweli. Wote waliapa kwamba hawakuwa wamegusa kitu. Ña Porfiria aliudhika hata kuulizwa, kwa sababu yeye alikuwa na msiba wake. Alipoambiwa sukari yake iko juu, aliacha muhogo, akampa jirani kopo lake la sukari, na akamwonyesha dada yake gauni la kuzikiwa.

"Lile la bluu," anaeleza. "Jeusi linanifanya nionekane mzee."

Siku ya Jumanne moja ya Juni, kwenye baridi kali, mkuu wa utafiti, daktari Mirna Villasboa, alikuja mwenyewe bila kutoa taarifa. Alimkuta Zunilda njiani saa kumi alfajiri, na hilo peke yake lilimpunguzia shaka kidogo. Wakaingia pamoja kwa Ña Porfiria. Zunilda akauliza maswali yake kama kawaida. Mama hajala, hajanywa. Akaandika.

Wakati huo kibuyu kilikuwa kinazunguka. Ña Porfiria alijaza maji ya moto, akanywa, akajaza tena akampa mgeni. Daktari alikipokea bila kufikiri, kama anavyokipokea kila asubuhi nyumbani kwake. Akavuta, akakitazama kibuyu. Akavuta tena.

"Ña Porfiria, umetia nini humu?"

"Sukari, daktari. Kopo nilimpa jirani, hii ya yerba niliibakiza. Naiunguza kwanza kwenye kaa, ndiyo inapata ladha. Au huko mjini mnakunywa chungu kama watu walioadhibiwa?"

"Na umeanza kunywa saa ngapi?"

"Tangu nilipoamka."

"Lakini Zunilda amekuuliza sasa hivi kama umekunywa kitu."

"Nami nimemjibu sijanywa. Hii ni yerba."

Zunilda anakumbuka kwamba alitazama mkono wake mwenyewe. Kibuyu kilikuwa kimemfikia, mrija uko mdomoni, na fomu iko mapajani.

"Miezi mitatu nilikuwa nakunywa nao, halafu naandika hawajanywa," anasema. "Nilitamani ardhi ipasuke. Hakuna aliyenidanganya. Tuliokosa ni sisi sote, na mimi wa kwanza."

Kwa watu wa hapa yerba haihesabiwi kuwa kinywaji. Ndiyo salamu yenyewe. Anayekataa kibuyu amewakataa wenye nyumba, na ukishatosheka unakirudisha kwa neno moja tu, asante. Ukishalitamka, hakikurudii tena.

Daktari Mirna aliketi kwenye kigoda akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akasema jambo ambalo Zunilda hatalisahau.

"Maswali haya niliyaandika mimi, nikiwa na kibuyu mezani. Nisamehe, dada."

Zunilda naye akalia, kwa sauti, mbele ya mgonjwa wake. Anakiri bila aibu kwamba alilia kwa raha.

Wote hamsini na wanane walipimwa upya. Arobaini na tisa walikuwa wazima. Tisa walikuwa na kisukari kweli, na sasa wako kwenye dawa mapema. Ña Porfiria, mmoja wa wale wazima, alikwenda siku ile ile ya majibu kudai kopo lake kwa jirani. Alilikuta nusu, na yeye na jirani bado hawajaelewana.

Fomu sasa ina mstari mpya unaouliza kuhusu yerba, na taasisini wanauita swali la Zunilda. Lakini kazi ya kukataa kibuyu asubuhi ya kipimo, ili kisizunguke, ilibaki ngumu. Alipojaribu kusema asante kabla hata hajaonja, mzee mmoja alimuuliza kama anamdhania ana kifua kikuu. Dawa aliipata Ña Porfiria. Siku ya kupimwa, kibuyu kilale kichwa chini tangu usiku, ili pasiwe na wa kutoa wala wa kukataa. Kitongoji kizima kimeifuata.

Februari Zunilda anaanza masomo ya uuguzi, miaka miwili, kila Ijumaa na Jumamosi. Barua ya kumwombea nafasi aliiandika daktari Mirna. Anataka siku moja maswali ya utafiti ayaandike yeye, na kabla ya kuyapeleka popote, ayasome kwanza jikoni.

Saa moja na nusu, gari la taasisi limeshachukua boksi. Zunilda amerudi kwa Ña Porfiria, na safari hii lango limeachwa wazi. Kibuyu kimeshuka ukutani. Mama anajaza, anampa. Zunilda anavuta hadi mrija unakoroma, anakirudisha, anapewa cha pili.

"Na kazi za nyumbani kwako?" anauliza Ña Porfiria.

"Zitanisubiri, mama."

Anapewa cha tatu, kisha cha nne, na bado hajasema asante.