Filamu Iliyocheka Mochari

Kadhi alishaniambia: miaka ya kungoja imetimia, nikitaka atahukumu kuwa mume wangu amekufa, nikae eda kama wajane wengine. Nikamwomba muda. Mume wangu alitoka Shimanzi na lori la shehena kwenda bara. Lori likapatikana kando ya barabara, yeye hakupatikana. Sasa ni miaka sita. Kaka yangu alipanga twende kwa kadhi Jumatatu, nami sikuwa nimemwambia ndiyo wala la.

Jumamosi, baada ya alasiri, binti yangu akaniwekea filamu kwenye kompyuta yake. "Mama, ni ya mapenzi, lakini ina fumbo." Ilikuwa ya kigeni, maandishi yapita chini. Mimi kusoma nimejifunza ukubwani, madarasa ya jioni, kwa hivyo kila mara aliisimamisha nimalize mstari.

Mchumba wa mwanamke mmoja ametoweka hotelini, mwanamke yuamtafuta. Imetengenezwa vizuri, siwezi kuidhulumu. Lakini kila penye msiba wameweka muziki wa harusi. Polisi amuuliza mwanamke, yeye ajibu mzaha.

"Hawa hawajafiwa, hawa," nikasema.

"Unakasirika mapema, mama. Ngoja."

Yule mwanamke akaingia mochari. Shuka ikafunuliwa, si mchumba wake. Akacheka mpaka akaketi sakafuni. Binti akaisimamisha filamu, akanitazama, kwa sababu na mimi nilikuwa nacheka.

Yeye hakuwepo siku niliyoitwa kutambua maiti. Mhudumu alifunua, nikasema, "Siye. Huyu mrefu." Kaka yangu, midomo imemkauka, akasema, "Labda amerefuka njiani." Tukacheka, Mungu atusamehe, mpaka tukatolewa nje. Habari ilifika mtaani kwetu Kibokoni kabla yetu. Wanawake wakasema yule alikuwa hamtaki mumewe. Tangu hapo sikucheka tena mbele ya watu.

Basi ile filamu niliyoiona haina adabu ilikuwa yasema kweli. Nikaitazama kwa heshima mpaka karibu na mwisho. Hapo mchumba akatokea mlangoni, mzima, nguo zimepigwa pasi. Wakaoana.

"Mbona umenuna?" binti akauliza.

"Uongo huu."

"Na ule wa mochari?"

"Ule ndio kweli yenyewe."

Akaifunga kompyuta. Akasema polepole, "Lakini mama, huu ndio mwisho unaoungoja wewe."

Nikaenda kutawadha, magharibi imeadhiniwa. Miaka sita yote, kila baada ya swala, nilikuwa nikimwombea mume wangu dua ya msafiri, Mungu amrudishe salama. Jioni ile nikanyanyua mikono, ikanijia ya maiti. Niliisoma yote, ulimi mzito, nikijua nikishamaliza siwezi kurudi kwenye ile nyingine.

Jumatatu nikaenda. Kaka yangu alishuhudia, kadhi akahukumu. Nikamuuliza, eda yangu naihesabu tangu lini, tangu lori lilipopatikana?

"Tangu leo," akasema.

Kwangu mimi, basi, alikufa Jumatatu ile, saa nne asubuhi, nami nimeketi kwenye benchi, nimeshakunywa chai na mahamri. Binti alikuwa chuoni. Ilibidi nimpigie simu nimwambie babake amefariki.