Raba za Gari la Baba na Mguu wa Bibi

Sisi tuliokulia Likoni kabla ya watoto kupewa simu tulikuwa tukiwajua watu kwa masikio. Muuza mahamri tulimjua kwa kandambili zake, mwalimu wa madrasa kwa kikohozi, na Baba kwa gari lake. Lilikuwa gari refu la rangi ya maziwa, kuukuu kuliko mimi, na kila likiingia shimoni lilipiga ngo! huko chini kama mtu anayebisha mlango wa bati. Tukiwa katikati ya mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira wa soksi, tulisikia ngo ya kwanza kule njia panda tukatawanyika, na Baba alipofika alitukuta tumeinamia daftari, jasho likitutiririka, tukijifanya tunasoma tangu adhuhuri. Siku hizi baba mtu anaingia, anasalimu, anavua viatu, anakula, ndipo mtoto mmoja anainua macho kutoka kwenye simu: "Kumbe umerudi?"

Baba alikuwa mtu wa bara. Alikuja pwani kufanya kazi ya kukereza vyuma katika kiwanda kimoja cha Changamwe, akamwoa Mama, mzaliwa wa Mtongwe, akahamia kwao. Bibi yangu, mzaa Mama, hakuwahi kumtolea neno baya, ila hakumzoea. Alimwita "yule mtu wa kuja," na Kiswahili chake kilimkera. Baba naye, kwa kumstahi mkwewe, alimsalimu kwa mbali, macho chini, akapita. Sikuwahi kuwasikia wakizungumza zaidi ya shikamoo na marahaba.

Nilipokuwa na miaka kumi Bibi aliteleza uani akiwa na ndoo ya maji, akavunjika paja. Walimtia chuma hospitalini, kule kisiwani, ng'ambo ya feri, wakamruhusu arudi nyumbani kwa sharti moja: kila wiki apelekwe kunyooshwa mguu. Akilala tu, daktari alimwambia Mama, hatatembea tena. Na gari lililokuwapo ni lile la Baba.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kiti cha nyuma na kuushika mguu wa Bibi juu ya mto. Kwa hiyo naweza kusema nilizihesabu ngo zote za barabara ya Likoni kwa viganja vyangu. Kila chuma kilipogonga chuma, mguu ulishtuka, na Bibi alishtuka nao. Hakulia. Alimtaja Mungu polepole, na tulipofika kwenye lile bapa la chuma la kuingilia feri, aliuma pindo la leso mpaka likaacha alama mdomoni.

Jumapili Baba akaliinua gari kwa jeki, akaingia uvunguni. Akatoka na kitu mfano wa andazi lililotafunwa. "Hii ndiyo bushi," akanionyesha. Ni kipande cha raba chenye tundu, kinachokaa pale mikono ya magurudumu inaposhikana na mwili wa gari, ili chuma kisikutane na chuma. Zote zilikuwa zimelika. Akazunguka maduka ya vipuri kuanzia Likoni hadi Changamwe, na kila muuzaji alimpa jibu lile lile: gari hilo halitengenezwi tena, wala vitu vyake havipo.

Akaamua kuzitengeneza. Alichukua tairi kuukuu la lori, akakata vipande vya duara, akavitoboa, akavipanga kwenye boliti na kuvikaza kwa nati. Boliti akaitia kwenye drili aliyoibana mezani kwa jiriwa, raba ikawa inazunguka naye anaikwangua kwa tupa. Uani kote kukanuka kama pameungua kiatu. Akazipaka sabuni ya kufulia zipate kuteleza, akazisukuma mahali pake. Tulipolitoa gari, kimya! Baba akatabasamu njia nzima.

Wiki ile tukampakia Bibi. Kweli, ngo haikusikika. Lakini mimi niliyeushika mguu nilijua mapema. Gari lilikuwa gumu kama mkokoteni. Kila kijiwe tulichokanyaga kilipanda moja kwa moja hadi kwenye mto. Pale kwenye bapa la feri Bibi alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Baba alishika usukani, shingo imekakamaa, asigeuke.

Tuliporudi, Bibi akasema, "Basi. Mimi sendi tena. Kama ni kulemaa, nitalemaa kitandani mwangu." Mama alimbembeleza, akalia, lakini wapi. Wiki iliyofuata ilipita bila hospitali. Mguu ukaanza kukakamaa. Nilimwona Bibi akijaribu kuukunja, akiuacha, akiufunika kwa leso ili tusiutazame.

Ndipo Baba akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuja mpaka nje ya chumba cha Bibi, akakaa chini barazani upande wa pili wa pazia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Baba akaendelea: "Mama, nataka kuuliza. Gari inakuumiza wakati gani?"

"Linakuumiza," Bibi akamsahihisha. "Gari linakuumiza."

"Linakuumiza wakati gani, Mama?"

Bibi akafikiri. "Likishuka shimoni, haliumi sana. Likitua ndipo roho inatoka. Hakuna kitu cha kulipokea, mwanangu. Latua juu ya mfupa."

Sidhani hata yeye alisikia alivyomwita. Baba alisikia. Akasema, "Ahsante, Mama," akaenda zake moja kwa moja mezani kwake.

Kosa lilikuwa tairi. Lile tairi lina nyuzi ndani, na nyuzi ndizo zilizoifanya raba isibonyee. Siku ya pili akatoka Changamwe na pande la raba tupu, laini, alilolipata kwa wauza vyuma chakavu. Lakini raba laini haikubali kukwanguliwa. Ilijikunja, ikachanika, akaharibu vipande vitatu. Basi akaja na wazo la kuigandisha. Mama alikuwa akiuza barafu za ukwaju, zile za vifuko ambazo watoto wa mtaa mzima walizinyonya wakitoka shule. Baba akazipanga raba zake ndani ya friji, katikati ya barafu. Anatoa moja ikiwa ngumu kama jiwe, anaikwangua upesi kabla haijalainika, anairudisha, anatoa nyingine. Kwa siku nne wateja walilalamika kwamba barafu zinanuka gereji. Mama alichemka, akimwita kwa jina langu, "Baba Zuhura, utanifukuzia watoto wa watu!" lakini mlango wa friji akaufungua yeye mwenyewe.

Zilipokwisha kutiwa, Baba hakumwita Bibi. Aliniweka mimi nyuma na bakuli la maji mapajani, akanizungusha kwenye mashimo yote ya Mtongwe. Nilirudi gauni limelowa kidogo tu upande mmoja. Bibi aliletewa bakuli, akalitazama lile bakuli, akanitazama mimi. "Nitakwenda," akasema. "Lakini apite pole kwa lile chuma la feri."

Alipita pole. Bibi alifumba macho, akanikamata mkono. Gari lilizama, likainuka kama mtu anayevuta pumzi.

"Bado hatujafika?" akauliza, macho amefumba.

"Tumeshapita, Bibi. Tuko ndani ya feri."

Akafumbua, akaona kweli maji yako pande zote, akacheka mpaka abiria wakageuka.

Hakukosa tena wiki hata moja. Mwaka ule ule alitembea kwa mkongojo hadi kwa jirani, baadaye hadi sokoni. Raba laini zililika haraka, kila baada ya miezi michache Baba alikereza nyingine, naye Bibi akawa anamwita kwa jina lake na kumsahihisha ngeli pasipo huruma. Wote wawili wametangulia, Mungu awarehemu.

Mimi sasa naishi Kiembeni, nina gari langu dogo. Mwezi uliopita lilianza kutikisika. Mwanangu akabonyeza simu mara mbili, bushi zikaletwa na bodaboda kabla chai haijapoa, safi, ndani ya karatasi inayong'aa. Fundi kijana akazitia kwa nusu saa, visikilizio masikioni, akanirudishia ufunguo. Kazi nzuri, sina neno. Nilisimama pale kidogo nikimsubiri aniulize ni nani nitakayempakia.