Mafuta ya Breki Hayaombwi kwa Jirani

Siku ile ya Kibuli naikumbuka, mwanangu, ingawa mume wangu angependa niisahau. Keti kwanza hapo juu ya tairi. Umeingia dukani kwangu hapa Kawempe na chupa ya soda yenye mafuta ya breki uliyopewa na rafiki, unataka nikuuzie pedi za breki tu uende zako. Sikuuzii kitu kabla hujanisikia. Nimechoka, wallahi. Kijana namuuzia spea leo, keshokutwa naitwa matangani kwao. Miguu yangu haitaki tena kwenda matanga ya watoto.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Mume wangu Yusufu alikuwa anaendesha boda kwenye steji moja ya Bwaise, na steji hiyo ilikuwa na desturi ambayo sote tuliisifu: kila kitu chao kilikuwa kimoja. Pampu moja, spana moja, na chupa moja ya mafuta ya breki waliyoichangia wote. Kifuniko kilikuwa kimepotea zamani, mdomo wameuziba kwa kipande cha kavera, mfuko wa plastiki. Chupa ilikaa chini ya meza ya muuza chapati, na Bwaise unaijua, mvua ikinyesha kidogo maji yako chini ya kitanda. Aliyepungukiwa alijimiminia, akarudisha kavera yake. Hakuna aliyeuliza hayo mafuta ni ya namba gani. Mafuta ni mafuta, walisema.

Mmoja tu hakuigusa. Alikuwa mzee kutoka kaskazini, polisi mstaafu, tulimwita Afande. Yeye alinunua kichupa chake kipya, akasoma kifuniko cha breki ya pikipiki yake, akatia. Yaliyobaki hakumpa mtu, na yakikaa, hata yeye mwenyewe hakuyatumia tena. Watu walimcheka sana.

Basi breki ya mbele ya Yusufu ikalegea, na kesho yake alikuwa anipeleke kliniki Kibuli. Mimi mwenyewe, na tumbo langu la miezi minane, nikaenda kwa Afande kumwomba masalio.

"Mama, hii si chumvi," akaniambia pale mlangoni. "Hii kitu ikifunguliwa inakunywa maji ya hewa. Hii yangu imefunguliwa siku mingi. Sikupi." Akafunga mlango.

Weee! Nilimsema mzee wa watu njia nzima. Mchoyo, roho mbaya, na meno yenyewe hana. Yusufu akacheka, akaenda kujimiminia ya steji. Akaminyaminya mkono wa breki, ikashika vizuri. Tukalala tukijiona tumemshinda Afande.

Kupanda kilima cha Kibuli kesho yake hakukuwa na neno. Daktari akanipima, akasema mtoto anacheza vizuri. Tulipokuwa tunateremka, barabara ilikuwa imejaa watu waliotoka msikitini, kwa hiyo Yusufu alikuwa anashika breki, anaachia, anashika tena. Mafuta yaliyokunywa maji, mwanangu, breki ikipata moto yanachemka. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hayasukumi kitu. Mimi hayo sikuyajua. Nilimsikia tu akisema, "Haishiki." Alisema polepole, kama mtu anayeongea na nafsi yake. Mkono wa breki ulikuwa umelala mpaka kwenye mpini. Akakanyaga ya nyuma, tukayumba. Mbele yetu wanafunzi walikuwa wanavuka, akageuza tukaingia mtaroni.

Nyonga yangu hii unayoiona ninavyoivuta, ilivunjikia pale. Mtoto alikuwa wa kiume. Walimtoa hakulia.

Wageni walijaa wodini. Bambi, poleni jamani, walisema, ajali haina kinga. Mungu ndiye aliyepanga. Yusufu akaitikia kila neno, maana lilimpunguzia mzigo. Afande akaja, akasimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi.

"Yusufu," akasema, "usimsingizie Mungu. Mungu hakuacha hiyo chupa wazi."

Nilitaka kumfukuza, nguvu sikuwa nazo. Halafu akanigeukia mimi, na machozi yalikuwa yanamtoka mzee yule. "Na mimi, mama, nilifunga mlango. Ningekuja mwenyewe kuona hiyo breki. Kukataza peke yake haitoshi."

Neno hilo ndilo lililonifanya nifungue duka hili. Afande ameshakufa. Yusufu yuko nyumbani, hajapanda pikipiki tena, na jina tulilomchagulia yule mtoto hajalitaja hata siku moja. Mungu hakutupa mwingine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema waliotutangulia, lakini wakati mwingine anayevunjika hata hajazaliwa.

Sasa lete pikipiki yako. Futa vumbi kwenye kifuniko cha breki kabla hujakifungua, usome. Kimeandikwa Doti nne, yaani namba ya mafuta yake? Basi tia Doti nne, usichanganye. Ile ya tano ni ya silikoni, haipatani kabisa na hizi nyingine, asikudanganye mtu kwamba namba kubwa ndiyo bora. Mafuta ya injini au ya stelingi usithubutu, yanavimbisha mipira ya ndani na breki inakufa. Ukiona mafuta yamepungua, usikimbilie kuongeza. Angalia pedi zimeisha au kuna mahali panavuja. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, yatolewe yote. Na chupa iwe mpya, ufungue wewe kwa mkono wako. Gawaneni chapati, gawaneni abiria, mkopeshane hata shati la harusi. Mafuta ya breki usigawiwe, na ukimnyima mwenzako, mweleze kwa nini, kisha nenda kaikague breki yake.

Hiyo chupa ya soda iache hapa. Rafiki yako akinuna, mlete kwangu, nitajichosha kumweleza naye pia.

Haya, nenda baba. Mungu akutangulie kwenye kila mteremko. Akupe watoto, wakuite baba, baba, asubuhi mpaka jioni, mpaka masikio yako yachoke.